Ndege Iliyokataa Kutua Ukunda

Shule nilisoma kidogo tu, lakini masikio Mungu alinipa, na siku ile niliyatumia yote mawili.

Mke wangu alikuwa akirudi kutoka Nairobi baada ya kupasuliwa moyo. Daktari alikuwa amekataza basi, asije akatikiswa mchana kutwa na mshono bado mbichi. Basi akapandishwa ndege pamoja na binti yetu. Mimi na mlamu wangu, kaka yake mke wangu, mvuvi wa Funzi, tukaenda Ukunda kuwapokea. Masika yalikuwa yamepamba moto, na wingu limevilalia vichwa vya minazi.

Huyu mlamu wangu ni mtu wa maneno. Siku ya harusi yangu alimaliza sinia la pilau, kisha akalalamika kuwa nyama ilikuwa chache. Lakini hayo tuyaache.

Ndege tukaisikia. Ilishuka, ikashuka, mngurumo ukawa juu ya utosi wetu kabisa, halafu ikapanda ikaenda zake. Hata bawa hatukuliona.

"Haiuoni uwanja," akasema mlamu. "Twende tukawashe makumbi."

Kwao Funzi hilo si jambo la ajabu. Chombo kikichelewa na kumefunga wingu, watu huwasha makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, ufuoni, walio majini wapate kujua pa kuingilia. Nami roho ilikuwa mkononi. Hata angaliniambia nipande mnazi nikapunge kanzu, ningalipanda. Tukaokota makumbi nje ya ua wa uwanja. Yalikuwa yamelowa chepechepe, yakakataa kuwaka, yakafuka tu. Moshi mzito, mweupe, ukaelekea uwanjani moja kwa moja.

Askari wa langoni, mtu wa bara, akaja mbio. "Wazee! Hiyo moshi ni ya nini? Mnataka kuficha hata kale kauwanja kanaonekana?"

"Tunawaonyesha njia," mlamu akajibu.

"Njia gani? Ndege si ngalawa!"

"Na wewe si nahodha! Dada yangu yumo mle!"

Askari akaukanyaga ule moto hadi ukazimika, akatupeleka ndani kwa bibi wa kaunta. Yule bibi akatuamkia shikamoo, akatukalisha, akatuambia ndege imegeuzwa, inakwenda kutua Mombasa.

"Sasa, mwanangu," nikamuuliza, "kampuni yenu haikununua mtambo wa kuonea kwenye wingu?"

"Upo, baba. Lakini unafuata redio iliyowekwa chini, kando ya njia ya kutulia. Mombasa ipo, hapa haipo. Ziko ndege kubwa zinazoweza kutua hata rubani asipoona kitu. Hizi zetu ndogo hazikuwekewa mtambo wa namna hiyo, kwa sababu viwanja vingi tuendako hakuna cha kujibizana nao. Kwa hiyo hapa rubani hushuka mpaka kimo alichopangiwa. Asipoiona njia kwa macho yake, hupanda."

"Hata ikiwa kumebaki kidogo tu?"

"Hata kidogo, baba. Haruhusiwi kubahatisha."

Alhamdulillahi. Kumbe ule mngurumo uliopanda, ulionikata maini, ndio uliokuwa ukimwokoa mke wangu.

Haukupita muda simu ikalia. Binti yetu. "Baba, tumeshuka Mombasa salama. Mama anataka chai."

Nikajifuta macho kwa pindo la kanzu. Mlamu akanipokonya simu. "Mpe chai! Mpe na mahamri! Baba yako huyu hapa analia kama bibi harusi!"

Wakakodi gari, dereva akaambiwa aende taratibu, wakapitia barabara mpya ya Dongo Kundu wasihangaike na feri. Sisi tukawangoja Kombani, kwenye njia panda, maana nyumbani kwetu ni kupandia njia ya Kwale. Gari liliposimama nikafungua mlango, nikamshika mke wangu mkono kwa mikono yangu yote miwili.

"Taratibu," akaniambia, "utanivunja wewe, daktari hakunivunja."

Nikalegeza kidogo, lakini sikumwachia. Naye mkono wake hakuutoa.