Mikono ya Velichka

Chokaa ndiyo iliyomtia upofu Velichka Shopova. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akiizima kwa maji kwenye pipa ili wapake kuta kabla ya Pasaka, ikachemka ikamrukia usoni. Majirani wa kijijini kwao, milimani Rodopi, walimwambia mama yake amfundishe kufuma soksi. Velichka akasema soksi wafume wao. Yeye alikuwa amesikia kwamba bafu za maji moto mjini zinatafuta wakandaji.

Dada yake, Stoyka, akaazima kitabu cha misuli akawa anamsomea kila jioni wakichambua maharage. Siku ya Mtakatifu Georgi, baba yao alipochinja mwanakondoo, Velichka aliomba paja moja kabla halijaingia tanurini. Alilipapasa mpaka akapata pale nyama inapoisha na kano inapoanza, ngumu kama kamba iliyolowa, ikaenda kushika mfupa. Baba alilalamika kwamba chakula kinapoa kabla hakijaiva, lakini hakumnyang'anya.

Mwezi wa Juni akaenda kwenye bafu hizo kufanya mtihani wa ukandaji. Kamati ilikuwa ya madaktari wawili. Mwenyekiti, Daktari Kableshkov, alimpa kijiti, akamweleza kwamba ukutani kuna mchoro wa mwili na kila mtahiniwa huonyesha misuli kwa kijiti hicho.

"Sioni mchoro, daktari," alisema Velichka.

"Basi mtihani umekwisha, Ndugu Shopova. Nenda salama."

Velichka hakuinuka. Alikilaza kijiti mezani.

"Huyo wa ukutani sitamkanda mimi. Nitakanda watu. Nipeni mtu."

Daktari wa pili, Lazarov, bonge la mtu mwenye sauti ya utani, alicheka akavua koti na shati. Alisema yeye ana nyama ya kutosha mitihani mitatu. Kableshkov aliguna, lakini hakumzuia.

Velichka akaanzia shingoni. Kila msuli aliutaja kwa Kilatini, kisha akasema kwa lugha ya nyumbani unashika wapi na unafanya kazi gani. Alipofika kwenye mkono, Kableshkov akamtega: ni msuli upi wa mbele ya mkono unaosukuma kiwiko kinyooke?

"Hakuna," alijibu. "Msuli hausukumi, unavuta tu. Wa mbele ukijifupisha, mkono unakunjika. Kuunyoosha, lazima wa nyuma uvute nao wa mbele ulegee. Ndiyo maana inakaa miwili miwili."

Kisha vidole vyake vikapanda bega la kushoto, vikasimama. Akarudi la kulia, akaja tena la kushoto.

"Huu umesinyaa," alisema polepole. "Hapa naugusa mfupa. Mkono huu huuinui, daktari. Tangu lini?"

Lazarov hakuwa na utani tena. Alisema ni tangu vitani. Bega lilichomoka, likarudishwa kwa pupa. Velichka akasema nyama yenyewe haikuwa na kosa, bali mshipa wa fahamu uliokuwa ukiipa amri ndio ulioumia, na msuli usiopewa amri hukonda. Lazarov akavaa shati taratibu, akimwacha mwenzake ashangae jambo ambalo miaka kumi na mmoja ya kufanya kazi pamoja haikumwonyesha.

Hata hivyo Kableshkov aliandika kwamba mtahiniwa hakuonyesha chochote kwenye mchoro. Lazarov akakataa kutia saini. Walibishana mpaka wahudumu wa bafu wakaja kusikiliza mlangoni, na Velichka alirudi kitini akangoja muda wote huo, mikono magotini.

Cheti kikatoka mwezi wa Agosti. Stoyka alimsomea: amefaulu, "licha ya ulemavu wake, kwa huruma ya kamati."

"Kirudishe," Velichka akamwambia.

Mama alilia, akamsihi asichezee riziki. Binti hakutikisika. Alimwambia Stoyka aandike barua fupi: kamati haikumhurumia, ilimtahini, waseme hivyo au wabaki na karatasi yao. Wiki tatu bafuni kulikuwa na kitanda kisicho na mkandaji, naye yuko nyumbani anachambua maharage.

Cheti cha pili kilikuja kikiwa na saini mbili na neno moja: amefaulu. Jumatatu iliyofuata alipanda basi la kwenda mjini. Mtu wa kwanza kulala kitandani pake alikuwa Lazarov.

"Msuli huu hautarudi wote," Velichka alimwambia.

"Najua, binti. Nikandie hicho kilichobaki."

Velichka akakunja mikono ya shati lake, akaanza.