Siku Mama Alipoita Mizani

Enzi zetu, wikendi ya mbio ilianza kunukia siku nyingi kabla haijafika. Ilinukia chokaa ya kuchorea uwanja, uji wa wimbi uliokuwa ukichachushwa kwenye madebe, na samli waliyojipaka wakimbiaji mpaka miguu ikang'aa. Ninyi mliokulia kwenye mashamba ya chai upande wetu wa Kericho, mtanielewa. Wajukuu wangu nikiwasimulia huniuliza kama tulipewa fulana za bure. Fulana gani? Kuna watu walikimbia na shati la kanisani kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na vifungo vyote.

Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba na Mama walitoka Kisii wakiwa wamefunga ndoa juzijuzi tu, wakapata kazi pamoja na chumba kwenye laini, zile nyumba ndefu za wafanyakazi. Baba alifanya kiwandani, kwenye mashine za kukausha majani, na kila jioni alirudi na harufu ya chai mpaka kwenye nywele. Mama alikuwa mchumaji. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye sauti ya kuvuka bonde, na kwa ajili ya sauti hiyo nyapara alimpa kazi ya kuita mizani.

Hapo kwenye mizani nieleze kidogo, maana kijana wa leo ukimtajia mizani anawaza duka la nyama. Wachumaji walitawanyika shambani, kila mmoja kwenye mstari wake na kikapu mgongoni. Wakati wa kupima majani ulipofika, Mama alipanda mahali pa juu akaita mara moja tu, akiivuta ile silabi ya mwisho: Mizaniii. Hata aliyekuwa katikati ya umbea aliukata hapohapo. Kila mtu aligeuka akashika njia ya mkato kuelekea banda la kupimia, kule chini karibu na mto, kwa sababu aliyechelewa angesimama foleni mpaka giza limkute.

Basi mara moja kila mwaka shamba letu lilikaribisha mbio kubwa. Watu walikuja kutoka Kedowa, Chepseon, hadi Kaplong, wengine kwa lori, wengine kwa miguu, na hao wa miguu ndio walioogopwa. Majirani zetu wengi walikuwa Wakipsigis na walisali Jumapili. Sisi tulishika Sabato. Mahali pengine jambo hilo lingeleta maneno, lakini wazee wetu walikaa chini wakagawana kazi. Jumamosi ilikuwa siku ya mbio za watoto, za magunia na za akina mama wenye vikapu, na zote zilisimamiwa na majirani. Sisi tulikuwa kanisani na nguo zilizopigwa pasi, tukisikia vigelegele kutoka ng'ambo ya bonde, mhubiri akihubiri na miguu yetu ikicheza chini ya benchi. Jua likizama tu, zamu ilikuwa yetu. Mama aliwasha moto chini ya sufuria kubwa, na Jumapili asubuhi, wakati majirani wako kanisani, sisi tulitengeneza njia ya mbio kubwa ya mchana. Hakuna aliyelipwa hata senti, na sikumbuki mtu aliyeuliza.

Ukuta mmoja tu ulitutenganisha na akina Kipkoech. Huyu Kipkoech alikuwa kijana mkimya, mchumaji pia, aliyechuma mstari wa jirani na Mama. Alikimbia kwenda kazini, akakimbia kurudi, na ukimtuma chumvi dukani alirudi kabla maji hayajachemka. Kila mwaka alikaribia kushinda na kila mwaka mtu fulani wa Kedowa alimpita mwishoni. Mwaka huo ninaousema, bwana wa michezo wa mkoa alikuwa ametuma neno kwamba atakuja mwenyewe na atamchukua mshindi, mmoja tu, aende Nakuru kufanya mazoezi na kuandikwa kazi ya uaskari. Rika la Kipkoech walikuwa wameshaoa na kuacha mambo ya mbio. Mjomba wake alikuwa amemwambia wazi kwamba akishindwa safari hii, atulize miguu, achume chai kama watu wengine.

Jumamosi jioni mama yake alikuja kwetu na kibuyu cha mursik. Sisi watoto tuliyapenda sana maziwa yale ya kulala yenye unga wa mkaa, ingawa yalituacha na masharubu meusi. Alikinga moshi kwa kiganja, akamwambia Mama, "Mama Moraa, kesho asubuhi mimi niko kanisa. Hiyo njia ya kijana yangu naachia nyinyi."

"Enda uombe," Mama akamjibu. "Njia iko na wenyewe."

Moraa ndiye mimi. Nilikuwa bado nachezea madoli ya magunzi, lakini nililisikia neno lile likituangukia wote.

Usiku ule mvua ilinyesha ile ya kwetu, ya kupiga mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Asubuhi Baba alikwenda kuchukua chokaa ya kuchora mishale akakuta imekwisha, yote ilitumika uwanjani siku iliyotangulia. Na mishale ilihitajika kweli. Njia ya mbio ilibadilishwa kila mwaka kulingana na chai iliyopogolewa, kwa hiyo hakuna mkimbiaji aliyeijua kwa kichwa. Walijua tu kwamba itateremka mpaka banda la mizani, kisha ipande kilima kurudi uwanjani.

Baba hakuwa mtu wa kukwama. Alikata matawi ya mkaratusi, akatubebesha mimi na kaka yangu Ombati, tukaenda tukiyachomeka kwenye mdomo wa kila njia ambayo wakimbiaji walipaswa kuingia. Tawi moja bichi, limesimama wima, linaonekana kutoka mbali. Alirudi nyuma hatua kadhaa akalitazama kila moja kama fundi anayetazama ukuta wake. Alisema matawi yameshinda hata chokaa, kwamba mwaka ujao hatutahangaika tena na mambo ya kuchanganya.

Mchana watu walitoka kanisani wakajaa uwanjani. Sisi kituo chetu kilikuwa juu ya kilima na madebe ya maji, uji na vikombe vya bati. Mama alikuwa bado na gambuti na aproni yake ya kuchumia, macho mekundu kwa moshi. Kutoka pale chai yote ilionekana, kijani tupu mpaka mtoni, na kwa vile vichaka vilifika kifuani, ulichokiona cha mkimbiaji ni kichwa tu. Filimbi ilipolia, vichwa vilitokea kwenye barabara ya lori vikielea juu ya majani. Mbele kabisa kilikuwa kichwa cha Kipkoech. Nyuma yake walikuja wachumaji wenzake kwa kundi, yule wa Kedowa akiwafuata wenyeji, na nyuma ya kundi mwanafunzi mmoja kutoka shule ya Kaplong, aliyevaa raba nyeupe ambazo sisi watoto tulizitamani kuliko ushindi wenyewe.

Walifika kwenye tawi la kwanza, mahali pa kukata kona kushuka mtoni. Kipkoech akapita. Kundi zima likapita nyuma yake.

Baba alikunja uso. Kwenye tawi la pili wakapita pia, wakizidi kwenda mbali, kuelekea upande wa msitu ambako hakukuwa na mbio wala mtu wa kuwarudisha. Mama alisimama na kikombe mkononi. Aliangalia vichwa, akaangalia matawi.

"Baba Moraa, hayo matawi ni nani ameweka?"

"Ni mimi. Ni alama ya kuingia."

"Umefunga shamba," Mama akasema.

Ni hivi. Kwa wachumaji wa shamba letu, tawi likisimamishwa mwanzo wa mstari lilikuwa na maana moja tu: huu umeshachumwa, pita, tafuta mwingine. Mchumaji aliyeingia penye tawi alipoteza asubuhi yake bure na kuchekwa juu yake. Wale vijana walikuwa wameishi na sheria hiyo tangu wajue kutembea, na miguu yao ilitii bila kuuliza kichwa. Baba, mtu wa mashine, hakuwahi kuisikia. Wachumaji wote wa laini walikuwa kanisani tulipokuwa tukichomeka, na mchumaji wetu wa nyumbani alikuwa ameinama juu ya sufuria ya uji.

Baba alianza kukimbia kushuka, lakini hata yeye alijua hatawafikia. Nikamwona Mama akipindua debe tupu na kupanda juu yake. Alivuta pumzi. Nimezisikia sauti nyingi katika maisha yangu, za kwaya na za redio, na bado hakuna inayonisimamisha nywele kama ile.

"Mizaniii!"

Vichwa vyote vilisimama. Halafu vikageuka, kwa pamoja, kama kawaida ya kila siku ya kazi, na kila mmoja akashika njia ya mkato kuelekea banda la kupimia. Hata watazamaji waliinuka. Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia karibu nasi alianza kupapasa kutafuta kikapu chake, na alikuwa amestaafu zamani. Mbio zilirudi njiani hivyo, zikifuata sauti ya mama yangu.

Lakini hesabu ilikuwa imepinduka. Aliyekuwa mbele ndiye aliyekwenda mbali zaidi, kwa hiyo sasa Kipkoech alikuwa wa mwisho. Yule mwanafunzi wa raba, ambaye hakujua lolote la kuchuma, alikuwa ameliona tawi akaingia vizuri kabisa. Alifika bandani peke yake, akatazama nyuma, hakuona mtu, akadhani ni yeye aliyepotea. Kundi lilipofika lilimkuta ameketi kwenye benchi la nyapara. Akainuka akaungana nao, na wote wakaanza kupanda kuja kwetu.

Walipita wakinyakua vikombe. Kipkoech alikuwa chini sana, mabega yameanguka, na mtu yeyote angesema ameshakubali. Hapo ndipo Mama alipofanya jambo ambalo halikuwa katika kazi yake. Alichota maji, akateremka kumpokea, na alipomfikia hakumpa kikombe akaachana naye. Aligeuka akakimbia ubavuni mwake, gambuti zikipiga matope, aproni ikipepea.

"Usiangalie hao," nilimsikia akimwambia walipotufikia. "Angalia kona. Mama yako aliniachia wewe, mimi nitamwambia nini?"

Alikunywa, akamrudishia kikombe, na nakuapieni mabega yale yaliinuka. Mama alikimbia naye mpaka pumzi ikamwishia juu kabisa ya kilima, akasimama ameshika magoti, na Kipkoech akaenda. Alimpita wa kwanza, akampita mwingine, akampita yule wa Kedowa aliyekuwa jinamizi lake la miaka yote. Sisi tuliacha madebe yetu tukakimbia kukata njia hadi uwanjani, tukafika kumwona akiingia bega kwa bega na yule mwanafunzi. Alimshinda kwa kifua. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika asianguke, na mpaka leo naziheshimu zile raba nyeupe.

Mama Kipkoech hakumwendea mwanawe kwanza. Alipita katikati ya watu mpaka kwa Mama, akamshika mikono yote miwili. Mama alikuwa bado anahema.

"Si uliniachia njia," akamwambia. "Haya, nimekurudishia mtu."

Baba yeye aliitwa Baba Tawi tangu siku hiyo, kiwandani na kanisani, na aliitika bila kinyongo. Kila mwaka aliendelea kutengeneza njia, ila Mama alimtangulia na kukagua kila kona. Kipkoech alikwenda Nakuru, akaandikwa kazi, akakimbia mpaka nchi za watu. Likizo yake ya kwanza alimletea mama yake blanketi, na kwa mama yangu akaleta la rangi ileile.

Juzi wajukuu wangu walijitolea kwenye mbio za Kericho. Walivaa jaketi za kumetameta, wakapewa beji na chakula cha mchana kwenye kasha, na nikiwatendea haki, walisimama kwenye mvua bila kulalamika sana. Mkimbiaji mmoja alingoja maji huku mgawaji akitafuta pembe nzuri ya kupiga picha. Njia ilikuwa imezungushiwa utepe kila mahali, hata mbuzi asingepotea. Ni vizuri. Lakini jioni kila mmoja aliingia nyumbani na simu yake, na nilipowauliza aliyeshinda ni mtoto wa nani, hakuna aliyejua. Sisi tulimjua mshindi mpaka mstari aliochuma.

Mama tulimzika kwenye shamba dogo walilonunua upande wa Chepseon. Kipkoech alikuja, mzee sasa, magoti yote mawili yamechoka na mbio. Walimpa nafasi aseme neno. Alisimama pale akishika fimbo, akatazama jeneza. Kisha akainua kichwa akaita, kwa sauti iliyopasuka, akiivuta ile silabi ya mwisho kama ilivyovutwa zamani.

"Mizaniii."

Vijana walitazamana, wengine wakidhani kuna kitu kinauzwa. Lakini wazee wa laini, waliokuwa wameketi nyuma na mikongojo yao, waliinuka wote kwa pamoja wakageukia upande wa mto, kana kwamba banda la kupimia liko kule chini. Mjukuu wangu alinivuta nguo akaniuliza, "Nyanya, hao wanaenda wapi?"

Hata mimi nilikuwa nimeshageuka.