Sauti Niliyoibeba Kutoka Sokoni

Kabla sijamwona Anko Ndiwa, nilimsikia. Baba alikuwa ameketi uani kwetu Kitale, kando ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, akipiga litungu, kinubi cha Wabukusu chenye nyuzi saba. Kila alipotua, sauti nyingine ilimjibu kutoka nyuma ya ua wa kayaba: nyuzi mbili za gitaa, mguso mfupi wenye adabu, kama mtu anayebisha hodi. Baba akapiga tena. Gitaa likajibu tena, safari hii kwa ujasiri kidogo. Nilikuwa na miaka tisa, miaka ile simu ya mkononi ilikuwa moja katika ploti nzima, nami nilidhani mwangwi umejifunza kuongea. Baba akacheka. “Wewe uliye huko nje, lango liko wazi bana, usipitie kwenye miiba!” Akaingia mwanamume mrefu mwenye koti la mvua lililotiwa viraka, Msabaoti wa miteremko ya Mlima Elgon, fundi wa redio aliyekuwa amehamia mjini mwezi uleule. Tangu siku hiyo hakukosa chai kwetu.

Wa tatu alikuwa Mama Njeri, muuza mitumba jirani yetu, aliyeachiwa na marehemu baba yake kodiani, kinanda cha kuvuta kwa mikono. Aliiweka kibandani, juu ya marobota, akaipiga wateja walipopungua. Sijui nani alimwalika mwenzake kwanza. Ninachokumbuka ni msimu mzima wa mavuno, harufu ya mabua na vumbi la mahindi hewani, na wimbo mmoja walioutunga kwa lugha tatu. Kila mmoja aliimba ubeti wa lugha ya mwenzake. Baba aliimba Kigikuyu kama mtu anayetafuna muwa wenye mchanga, na Mama Njeri alicheka hadi akashika mbavu. Majirani waliwadhihaki: “Ati bendi! Mmoja wa Elgon, mmoja wa Chwele, mmoja wa Nyeri. Si mtapigania hata sukari ya chai!” Baba aliwajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Walikuwa wamekubaliwa kupiga katika tamasha la Desemba kule Bungoma, na Baba hakuzungumzia jambo jingine. Alitaka watu wa kwao waone kwamba litungu halijafa, limepata ndugu.

Shida ilikuwa moja. Mpiga litungu hufunga nyuzi zake kwa kufuata koo lake mwenyewe, jinsi lilivyoamka asubuhi hiyo. Kodiani haina asubuhi. “Hii yangu ni kama chifu,” Mama Njeri alisema. “Ikishasema imesema. Nyinyi ndio mjipange.” Baba akakubali kujipanga, na kazi ya kumpelekea sauti ikawa yangu. Nikitoka shule nilipitia kibandani, Mama Njeri akabonyeza kitufe kimoja, akavuta kodiani polepole, nami nikaidaka sauti ile mdomoni. Kisha nikaibeba hadi nyumbani nikiimba kwa midomo iliyofungwa, nikawapita wauza omena, nikaupita mtambo wa posho, kama mtu aliyebeba maziwa kwenye sahani. “Nekesa, salamu zako siku hizi ni za kununuliwa?” watu walinitania. Sikuwajibu. Ningejibu, ningemwaga. Nilipofika niliisogeza sikioni mwa Baba, naye akakaza uzi wa kwanza mpaka ukakubali. Baada ya majuma kadhaa sikuhitaji tena kupitia kibandani. Sauti ilikuwa imehamia ndani yangu. Baba aliwaambia watu kwa fahari kwamba siri ya litungu lake anayo yeye na binti yake tu.

Zilikuwa zimesalia siku tisa twende Bungoma wakati Kukhu, yaani nyanya yangu aliyemzaa Baba, alipofariki Chwele. Habari ilikuja kwa simu ya jirani. Baba hakulia. Aliliteremsha litungu ukutani, akalegeza uzi mmoja baada ya mwingine mpaka zote saba zikalala kama nyasi zilizopigwa na mvua, akalitundika tena. Hakunieleza, nami sikuuliza. Yeye na Mama wakaondoka. Mimi nilikuwa natoka kuugua malaria, nikaachwa kwa Mama Njeri, ufunguo wa nyumba umefungwa kwa kamba shingoni mwangu.

Kukhu alizikwa Jumamosi. Baba alituma neno kwamba angenyolewa nywele za matanga Jumanne, na Jumatano asubuhi angewakuta wenzake Bungoma. Tamasha lilikuwa bado letu.

Jumapili alasiri Anko Ndiwa alikuja. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nilimfungulia nyumba yetu kwa ule ufunguo, akasimama mbele ya litungu, akatikisa kichwa kwa huruma. “Aki mzee ameacha nyuzi zimelala hivi? Na vile atakuwa amechoka. Nekesa, hebu tumpunguzie kazi. Ile sauti unaikumbuka?”

Nilifurahi kuulizwa. Niliiimba. Aliipasha ngozi ya litungu joto kando ya jiko, taratibu, kama anayemkausha mtoto, akakaza nyuzi moja moja huku mimi nikiishikilia sauti hadi kifua kikaniuma. Alipozipiga zote kwa pamoja, ilikuwa kama Baba amerudi.

Na kweli alikuwa amerudi. Alikuja kulichukua litungu alipeleke Chwele, awe nalo siku ya tamasha, na alikuwa amelisikia kutoka langoni. Alisimama mlangoni akichuruzika maji.

“Nani amefunga nyuzi?”

“Ni mimi, mzee. Nilitaka ukirudi upate—”

“Mama yangu ana siku moja chini ya udongo, Ndiwa.” Hakupaza sauti. “Kwetu nyuzi za mfiwa hulala hadi anyolewe. Ukizikaza mapema umemfukuza marehemu. Sasa sitapiga mpaka mwaka uzunguke.”

“Haki sikujua.”

“Najua hukujua. Mgeni angezikaza vyovyote. Lakini hizi zimekaa pale pale pangu. Nani alikupa sauti?” Akapangusa uso. “Angekuwa mtoto aliyeitoa, tungezinyunyizia maji, yangeisha hapa hapa. Kosa la mtoto halina mizizi. Nani?”

Anko Ndiwa alinitazama. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Akangoja, kama mpiga gitaa anayempisha mwenzake aingie kwenye wimbo. Nafasi ilikuwa yangu. Sikuingia.

“Nilikisia tu, mzee,” akasema. “Hata redio za watu huwa nakisia.”

“Basi umekuwa ukinivizia koo,” Baba akasema. “Nami nilidhani tunaimba.”

Hawakwenda Bungoma. Mama Njeri alimsihi Baba kwa majuma, akachoka, na kodiani ikarudi juu ya marobota. Siku hizi redio imejaa nyimbo za namna ile waliyoihangaikia. Kijana mmoja mwenye kompyuta anaunganisha litungu, kodiani na gitaa kwa mchana mmoja, na zote zinapatana bila mtoto kutumwa sokoni. Ni nzuri, nimezicheza harusini kama wengine. Lakini huwa nangoja ndani yake mahali ambapo mtu mmoja anamwinamia mwenzake, na mara nyingi wimbo unakwisha sijapasikia. Baba alifariki bila mimi kumwambia. Nilizilegeza nyuzi zake kwa mkono wangu, zote saba, na nilipofika ya kwanza sauti ile ilinijia, nikaulegeza uzi bila kuiimba. Baada ya matanga nilikwenda Kimilili, ambako niliambiwa Anko Ndiwa alikuwa na kibanda cha redio. Nilimkuta msichana anauza maziwa. Hakuwahi kusikia jina hilo.

Asiyeuliza hana ajifunzalo, walitufundisha shuleni. Hawakutufundisha habari za aliyeulizwa akanyamaza. Alasiri ile Anko Ndiwa alilivaa koti lake la viraka, akalichukua gitaa, akaniwekea kiganja kichwani kwa muda mfupi, kizito na chenye joto la jiko bado, akatoka mvuani. Baba alikuwa ameshaketi, litungu mapajani, hajui pa kuweka mikono.

“Nekesa,” akasema, “funga mlango. Baridi inaingia.”

Nikaufunga.