Kufuli la Nje

Asubuhi ile nilitoka Kikwajuni bila ya mpango. Ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Skuli niliiacha mapema, kwa sababu mwalimu alitaka nikae kitako na mimi nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Tangu hapo nimepaka rangi, nimechimba misingi, nimeuza ndimu, nimetengeneza milango.

Darajani nilisimama kumwangalia mtu akinoa visu kwa gurudumu la baiskeli. Nikamuuliza jiwe lake linatoka wapi.

"Lete kisu, nitakwambia," alisema.

Sikuwa na kisu. Nikaendelea kuangalia. Ndipo nilipoona wenye maduka wanaingiza ndani mabeseni yao, mmoja baada ya mwengine, na adhuhuri haijafika. Hakuna aliyekimbia. Redio ilitangaza kwamba mapigano yameingia mjini, skuli zote zimefungwa, watoto wabaki majumbani. Haikusema watoto ambao majumbani mwao hamna mtu wabaki wapi.

Nilikata njia kuingia Mji Mkongwe. Mlio wa kwanza nilidhani ni mabati yanashushwa. Wa pili sikudhani kitu.

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alikuwa na skuli ndogo ya chekechea katika vyumba vya chini vya nyumba yake, na mlango ule niliutengeneza mimi.

"Makame! Unakwenda wapi?"

"Shikamoo, Bi Zuhura. Nnakwenda tu."

"Marahaba. Hakuna mtaa unaoitwa Tu. Ingia hapa unisaidie."

Watoto wengi walishachukuliwa na wazee wao. Walibaki ndugu wawili, baba yao kibarua bandarini, na msichana wa miaka mitano ambaye nitamwita Rahma. Jina lake silo hilo, na mengi ya kumtambulisha nimeyageuza. Mama yake alikuwa muuguzi, na siku hiyo hospitali ilikuwa ikijaa. Juu alikuwapo Seif, mtoto pekee wa Bi Zuhura, aliyekuwa akisoma chuo kikuu Tunguu na amerudi kwa sababu huko nako kumefungwa.

Habari iliyotangulia kufika ni kwamba watu wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua vijana. Wa upande gani, hatukujua. Bi Zuhura akatoa kufuli kubwa.

"Funga kwa nje, kisha zunguka, upande ukuta wa nyuma," aliniambia. "Nyumba yenye kufuli nje haina watu."

"Nyumba hiyo ndiyo mwizi anayoipenda, Mama," Seif alisema.

"Hawa si wezi. Hawa wanakutafuta wewe."

Nikafunga, nikapandia ukuta wa gofu la jirani, nikaingia kwa jikoni na suruali imechanika. Seif alicheka mpaka mama yake akamfinya.

Tulikaa hivyo siku kadhaa, madirisha yamefungwa. Sikujua kwamba kulea watoto ni kazi ya kufikiri namna hiyo. Tuliwakataza dirisha. Tuliwakataza ngazi, kukimbia, kugombana, kulia kwa sauti. Bi Zuhura aliendelea kuwasomesha kwa kunong'ona, herufi na hesabu, na Seif aliwatengenezea mpira wa soksi usio na kishindo. Kila tulichokifikiria tulikikataza. Lakini yako mambo ambayo mtu hayafikirii, kwa kuwa ni mazuri.

Siku moja, baada ya alasiri, tulisikia buti kichochoroni.

Zilipita kwa jirani. Zikasimama kwetu.

Mtu akalitikisa kufuli.

"Hamna watu humu," alisema.

Mwenziwe, sijui kwa mzaha au kwa mazoea tu, akaita, "Hodi!"

"Karibu!" Rahma akajibu.

Alijibu kwa sauti safi, kama alivyofundishwa chini ya dari ile ile. Mgeni haachwi mlangoni.

Kufuli lilivunjwa.

Seif aliteremka mwenyewe kabla hawajapanda. Alikuwa ameshavaa viatu. Alisema wengine ni watoto wa skuli tu. Mmoja wao akazitazama ndevu zangu, ambazo mvi zilishaziwahi, akaniambia, "Wewe mzee, kaa."

Bi Zuhura hakulia. Alisema, "Mtoto wangu hajala."

"Nshakula, Mama," Seif alisema.

Hakuwa amekula.

Walipoondoka, Rahma aliuliza kama amejibu vibaya. Bi Zuhura alichutama mbele yake, akamtengeneza ushungi.

"Umejibu vizuri, mwanangu. Mtoto mwenye adabu huitika hodi."

Kisha akanivuta jikoni. "Huyu asijue. Mama yake asijue, bibi yake asijue. Maneno ya wakubwa hayakawii kuwafikia wadogo. Tutasema wewe ulikohoa."

"Mimi?"

"Wewe hukai pahala pamoja, Makame. Lawama itakukuta wapi?"

Hakuwa akitania.

Seif hajarudi mpaka leo. Nimemuulizia kila nilikopita, na nimepita kwingi. Nimejaribu pia kulipima lile jambo la jikoni: mtoto wake amechukuliwa, nyayo za waliomchukua hazijapoa mlangoni, naye anatafuta namna ya kumkinga mtoto wa mwenziwe. Sijapata mizani yake. Najua tu kwamba angeweza kusema kweli, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mji ulipotulia kidogo, baba wa wale ndugu alikuja kuwachukua. Mama yake Rahma, akiwa bado wodini, aliagiza mtoto apelekwe Chukwani kwa bibi yake. Nilimbeba mabegani, kwa miguu, tukipita njia za ndani. Chukwani sikuwahi kulala hata usiku mmoja.

Bibi yake alimwogesha, akampa muhogo wa nazi. Habari za Seif zilikuwa zimeshamfikia. Akanigeukia.

"Kufuli lilikuwa nje. Walijuaje kuwa mumo ndani?"

"Nilikohoa," nilisema.

"Mtu mzima na ndevu zako, umeshindwa kukizuia kikohozi?"

"Nilishindwa, bibi."

Nikaona ameshaanza kuangalia lango, anitoe.

"Mimi sikumsikia akikohoa," Rahma alisema, mdomo umejaa. "Bibi, walipiga hodi, halafu..."

Yule bibi alimtazama mjukuu wake. Akanitazama mimi, muda mrefu.

"Makame alikohoa," alimwambia. "Kula muhogo wako."

Akanyanyuka, akanionyesha chumba cha uani, akanitolea shuka safi.