Kiti Kisichopata Mwanga

Kwa miaka ishirini na mitatu Tshilombo alikuwa mtu wa chumba cha taa kwenye mgodi wa chini ya ardhi. Kila mchimbaji alipokea taa yake ya kichwani kutoka mikononi mwake, na jioni aliirudisha, naye akaitundika ubaoni, kwenye msumari wenye namba. Msumari mtupu ulikuwa na maana moja tu: mtu bado yuko chini. Ubao usipojaa, baruti hailipuliwi. Mara moja tu katika miaka hiyo yote Tshilombo aliujaza msumari kwa taa ya uongo, na habari hiyo hata mkewe Ndaya alikuwa hajaisikia.

Mwaka 1981 alistaafu, na Ndaya hakumpa nafasi ya kupumzika. Jumapili wamama wa sala wangekuja kwao Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, na sebule ilikuwa na ampuli moja tu, balbu ya katikati ya dari, iliyowafanya wageni wote wafanane na wagonjwa. Basi mzee akachukua karatasi, akachora viti, dirisha na redio, akaanza kumsumbua mkewe kwa maswali ya kitaalamu. Nani anakaa wapi? Nani anasoma Biblia? Nani ana macho mabovu?

"Taa ya juu inatia mashimo mu macho ya bantu," alimwambia. "Tutaweka za pembeni, ziangalie ukuta, mwanga urudi pole pole."

Akafunga taa mbili ukutani juu ya kiti kirefu, moja nyuma ya redio, na moja yenye kofia ya kitambaa karibu na mlango. Umeme ulikuwa wa kampuni ya mgodi, hakuna aliyeubania.

Jumamosi jioni akaziwasha zote. Sebule ilipendeza, Ndaya akapiga makofi. Lakini kiti cha karibu na mlango kilikuwa gizani. Taa yenye kofia ilikuwa juu yake kabisa, inawaka vizuri, na chini yake palikuwa peusi, upana wa mabega ya mtu. Tshilombo akabadilisha ampuli. Akaweka yenye nguvu mara mbili. Akahamisha kiti, akaleta kingine. Giza halikukifuata kiti, lilibaki palepale. Mwishowe akaishika ile ampuli iliyokuwa imewaka saa nzima. Ilikuwa baridi, tena imelowa, kama taa zilivyokuwa zikirudi kutoka chini.

"Ndaya, nani anakaaka hapa?"

"Mama Bilonda. Weye unajua, anapenda karibu ya mulango."

Alijua. Bilonda alikuwa mke wa Kanku, na Kanku, mchimbaji, alikuwa rafiki wa Tshilombo.

Siku moja ya mwaka 1974, zamu ilipotoka, msumari wa Kanku ulikuwa mtupu. Tshilombo akadhani amesahau, amekwenda na taa nyumbani, kwani alikwisha kufanya hivyo mara mbili, na mara ya tatu ilikuwa kufukuzwa kazi. Ili kumwokoa, akatundika taa ya akiba, akijisemea kesho nitamgombeza. Shefu wa zamu akachungulia, akamwita raia kama ilivyoamriwa siku zile, "Citoyen, bote balitoka?" Akajibu, "Bote." Baruti ikalipuliwa, sehemu ile ya mgodi ikaporomoka na kufungwa kabisa.

Kanku hakuonekana tena. Na kwa kuwa taa yake ilikuwa msumarini, ilijulikana wazi kwamba ametoka. Sasa amekwenda wapi? Watu hawakosi jibu: ana mwanamke Dilolo, kule mpakani, wamevuka wameingia Angola. Kampuni ikamwandika mtoro. Bilonda akabaki mke aliyetupwa, anachekwa bombani miaka saba, hana ruhusa ya kulia wala ya kuolewa. Tshilombo, aliyejua sasa kwamba Kanku alibaki chini, aliyaona yote hayo akanyamaza. Tusimpambe, alikuwa mwoga.

Jumapili alasiri wamama wakajaa. Ndaya alifunga mapazia makusudi ili taa zisifiwe, na zikasifiwa kweli. Bilonda akaingia, akakaa mahali pake. Tshilombo, amesimama kwenye mlango wa jikoni, aliona miguu yake, aliona mikono yake juu ya Biblia. Uso hakuuona.

"Mama Bilonda, taa iko juu yako na hatukuone," mmoja akatania.

Bilonda akajipapasa mabega. "Hapa kuko baridi. Ni kama mutu anasimama nyuma yangu." Akaishika Biblia vizuri. "Lakini mi siogope."

Maneno hayo yalimchoma Tshilombo kuliko laana. Akapiga moyo konde, akavuka sebule mbele ya wanawake wote, akapiga magoti, mzee mzima.

"Mama Bilonda, Kanku hakutoka mu shimo. Ile lampe ku musumari wake, mi njo niliitundika."

Akasimulia yote, bila kujitetea. Ndaya alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Bilonda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu.

"Hakwendaka ku Dilolo?"

"Hapana, mama."

"Na ule mwanamuke?"

"Hakukuwa mwanamuke. Alikufa ku kazi."

Tshilombo akainamisha kichwa kungoja kofi au matusi, na angeyapokea yote. Bilonda hakumtazama hata kidogo. Alifungua kitambaa cha kichwani akakifunga kiunoni, akavua viatu, akashuka kitini na kuketi kwenye saruji. Kisha akaita jina la mume wake kwa sauti ile ambayo huitiwa maiti.

Wamama wakaelewa. Bila kuulizana wakaanza kutoa viti nje, kimoja kimoja, kama nyumba yoyote yenye msiba. Jirani yao Nkulu akaja mbio kutoka barabarani, akawapita mlangoni, akauliza ni nani amekufa.

"Bwana yangu," Bilonda akamjibu, machozi yanamtiririka. "Hakuniachaka, baba. Alikufa."