Pua ya Khalid

Tangu corona impige miaka mitano iliyopita, Khalid hasikii harufu yoyote. Kwa fundi wa magari wa kituo cha Kawangware 46, aliyesifika kwa kunusa tu moshi wa ekzosi akautaja ugonjwa wa gari, hiyo ilikuwa siri ya kuzikwa. Alimficha hata mkewe, Ruweida. Mke akipika, Khalid humwambia, "Leo kunanukia," kisha hutafuna chakula kisichomwambia kitu.

Alhamisi moja Nyamai, dereva wa teksi, alileta gari lake. Alikuwa ametoa sanduku la eya klina, la kuchujia hewa, na kufunga filta ya wazi, ile ya kupakwa mafuta, ili injini ipumue vizuri.

"Fundi, tangu nibadilishe hiyo kitu, wateja wanafungua madirisha. Hebu nusa hapo nyuma."

Khalid aliinama, akavuta pumzi. Hewa ya moto tu. Zamani angeshajua. Akainuka, akamwita Mercyline, aliyeuza chai kando ya gereji.

"Njoo uninusie. Pua yangu ilikufa kitambo."

Nyamai alimkodolea macho. Mercyline hakucheka. Alisogea, akakunja uso. "Ni kama mayai imeoza, fundi. Na petroli mbichi, hiyo pia iko."

Hayo yalitosha. Khalid alifungua bomba la hewa, akaikuta sensa ya kupimia hewa imelowa mafuta ya filta. Ilikuwa inaidanganya injini, nayo injini ikimwaga petroli kupita kiasi, na uvundo ukatokea ekzosi. Akaisafisha kwa dawa yake, akaikausha, akapangusa mafuta yaliyozidi kwenye filta. Yeye na Nyamai wakaliendesha hadi mtaa wa Olympic na kurudi.

Mercyline akanusa tena. "Sasa ni moshi tu, kama wa kila gari."

Jioni, nyumbani mtaani Makina, Ruweida alikuwa amefukiza udi. Khalid aliketi, akamweleza yote.

"Nilijua," Ruweida akasema. "Ulikunywa maziwa yameharibika, ukayasifu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Huu udi unanukiaje?"

Ruweida akafikiri. "Kama siku ya harusi yetu, kwa mama, mvua ikiwa imetoka tu kuisha."

Khalid akafumba macho. Harusi aliiona yote, hata viatu vya wageni vyenye matope pale mlangoni. Harufu haikuja. Akavuta pumzi tena, polepole.