Meneja aliyeandika "mimi" kwa niaba ya vibarua, akapewa zamu ya kuwa kibarua

Wakuu, niaje.

Naona vijana humu wanauliza jinsi ya kuandika user story. Msiogope, ni sentensi moja tu kwenye kadi, ya kumwambia mwandishi wa software mtumiaji anataka nini: mimi kama fulani, nataka hiki, ili nipate kile. Ugumu uko kwenye hilo neno "mimi".

Nitawaeleza nilivyolijua. Sitaongeza chumvi, kisa chenyewe kinayo ya kutosha.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa naandika software ya kiwanda kimoja cha mishumaa mtaa wa Baba Dogo. Anti yangu Rispa alikuwa kibarua hapo hapo, mjamzito, na bado anapigania kuitwa getini kila asubuhi apate kazi ya siku.

Meneja alinikataza kuongea na vibarua. "Hao nawajua," akasema, akajaza kadi zote mwenyewe. Onjeni moja:

"Mimi kama kibarua, nataka kompyuta ihesabu dakika zangu za choo, nikizidisha tano nisiitwe kesho, ili niwe na nidhamu."

Soma tena polepole. Yaani kuna mama Baba Dogo anaamka alfajiri akimwomba Mungu hilo.

Hizo dakika tano alizipata wapi? Alijipima. Choo chake kilikuwa ndani ya ofisi, kina kapeti.

Anti aliposikia akaniambia, "Hiyo kitu yako ikianza, wa kwanza kwenda ni mimi. Huyu mtoto atakula mishumaa?"

Siku ya kuonyesha kazi, nilimsomea mwenye kiwanda kadi zote. Mama mzee, hana maneno mengi. Tulipofika ile ya choo akauliza, "Huyu mimi ni nani?"

Meneja akajibu ni vibarua kwa jumla.

"Mwandiko ni wako. Kesho jaribu wewe."

Kesho yake meneja akapewa namba, akasimama kwenye nta ya moto na wenzake. Joto lile lazima unywe maji, na maji nayo yana safari yake. Kabla ya chai akabonyeza namba yake mlangoni, kompyuta ikaanza kuhesabu, akakimbia hadi choo cha vibarua, nyuma ya stoo. Kimoja, cha wote. Foleni imezunguka ukuta.

Akajaribu kupita mbele.

"Foleni ni foleni, baba," anti akamwambia. "Leo wewe ni mwenzetu."

Jioni kompyuta ikatoa majina ya watakaoitwa kesho. La anti halikuwepo. La meneja pia.

Akadai software ina bug. Nikamweleza kwa upole kwamba imefanya alichoandika, neno kwa neno.

Anti, akijifunga leso, akamfariji: "Kuja tu mapema getini. Ukiwa na bahati utaitwa."

Maneno hayo meneja ndiye alikuwa akiwaambia vibarua kila asubuhi.

Mwenye kiwanda akaichana ile kadi. Asubuhi anti akaitwa, na aliendelea kuitwa hadi alipokwenda kujifungua.

Kwa hiyo vijana, andikeni bila woga. Ila kabla ya "mimi kama", kapange foleni na huyo mtu kwanza.

Na wewe, nani alishakuandikia "nataka" ambayo huitaki? Tupe hapo chini, tucheke pamoja.